Viatu Vilivyotazama Meli

Meli ya matembezi ilikuwa iondoke Hakodate, bandari ya Japani, kabla ya jua kuzama, na Tomoe, mmoja wa abiria wake, hakuwa na viatu vyake. Aliviacha mlangoni mwa mkahawa, kama kila mtu, akapanda kwenye sakafu iliyoinuliwa yenye mikeka kula wali na ngisi. Kushuka, akakuta vingine: vyeusi kama vyake, saizi yake, lakini si vyake.

"Mama, vaa hivyo hivyo twende," alisema Chizuru, mke wa mwanawe, aliyesafiri naye. "Nitakununulia vizuri zaidi."

Tomoe akatikisa kichwa. Vile vilivyopotea alivishona marehemu mumewe, fundi viatu, akaacha nafasi pembeni kupisha mfupa uliotokeza kwenye kidole gumba cha mguu, uliomtesa tangu ujana. Hakushona vingine tena.

Mwenye mkahawa aliviangalia vilivyobaki, akaguna. "Vya Sayo hivi, muuza mwani hapo chini. Yule hata kichwa angekisahau, bahati kimefungwa shingoni."

Tomoe akavaa vya Sayo, wakateremka. Duka lilikuwa limefungwa. Jirani akacheka. "Meli iko bandarini nanyi mnamtafuta hapa? Kaenda kuwapungia mkono nyie wasafiri."

Wakarudi gatini. Wenyeji walijipanga na vibendera, wote wakitazama juu, melini. Tomoe peke yake alitazama chini, mguu kwa mguu.

"Mama, tutaachwa," Chizuru alinong'ona, lakini naye akainama kutafuta.

Wakavikuta mwisho wa mstari, miguuni mwa bibi mmoja mfupi.

"Samahani, dada. Umevaa viatu vyangu."

Sayo alijitazama miguu, akafunika mdomo. "Ndiyo maana. Tangu mchana nashangaa mguu hauniumi. Nikadhani nimepona."

"Mume wangu alivishona."

"Yupo?"

"Ametangulia."

Sayo akainama. Alivua, akasimama na soksi kwenye saruji ya baridi, akavifuta ndani kwa leso. Kisha akapiga magoti, akaviweka sambamba, ncha zikielekea melini, kama mwenyeji anavyomgeuzia mgeni viatu mlangoni ili avae na kwenda zake.

Tomoe akavitazama. Zamani mumewe ndiye aliyemgeuzia; tangu mazishi, kila asubuhi Tomoe alikuwa akivigeuza mwenyewe.

Akavua vya Sayo, akaingiza mguu mmoja katika vyake, kisha wa pili. Halafu naye akapiga magoti, taratibu, akavigeuza vya Sayo kuelekea mjini. Honi ya meli ilishalia, lakini Chizuru alimshika tu mkono asianguke, akangoja.