Funga ya Bonge

Jina la Bonge alipewa na kaka zake akiwa bado anatambaa, na hakuwahi kulikasirikia. Alikuwa mnene tangu utotoni, unene wa kucheka na kutembea haraka, na kazi yake ya upishi katika kantini ya kiwanda cha magodoro ilimfaa kama pete na kidole. Kilichomkosesha raha ni magoti. Mwaka huo yalianza kulalamika akipanda ngazi, kisha yakalalamika akishuka, mwisho yakawa yanalalamika hata akiwa amekaa. Daktari aliyabonyeza, akamwandikia dawa ya kuchua, akasema bila kuinua uso, "Punguza mwili, mama." Namna ya kuupunguza hakusema.

Namna ilitoka kwa wifi yake. Wifi, mdogo wa mumewe, alikuja kukaa nao kwa muda mpaka apate chumba, na huo muda sasa ulikuwa umeota mizizi. Alikuwa mwembamba kama ufito, na simu yake ilijaa watu wembamba wenzake wakitoa mafunzo.

"Hukatazwi chakula chochote, wifi," alisema. "Unafunga kwa saa tu. Asubuhi kinywani hakiingii kitu ila maji. Saa sita mchana unafungua, saa mbili usiku unafunga tena. Katikati hapo kula, shiba vizuri, ili ikufikishe kesho. Mwili ukikosa cha kuchoma, unachoma mafuta yake wenyewe."

"Na kuonja?" Bonge aliuliza. "Mimi ni mpishi."

"Kuonja ni kula. Hata kijiko kimoja kinaharibu funga."

Mumewe, seremala mwenye karakana ubavuni mwa nyumba, alikuwa akiwasikiliza huku akifungua soda yake ya pili ya kabla ya kulala. Alijipiga tumbo, lililokuwa limeanza kuuficha mkanda. "Basi tuanze wote, mke wangu. Mimi nakusindikiza tu."

Wakaanza. Bonge alikuwa mtu wa neno lake. Akisema nafunga, amefunga. Lakini kufunga ukiwa ofisini ni jambo moja, na kufunga ukiwa umeinamia sufuria kubwa ya vitunguu vinavyogeuka rangi ni jambo lingine. Aliingia jikoni kabla jua halijatoka, akachemsha chai ya watu mia na ushei, akakata mkate, akakaanga mayai, na harufu yote ikampanda puani ikashukia tumboni, nalo tumbo likajibu kwa sauti ambayo mwosha vyombo aliisikia kutoka kwenye karo. Alimeza mate mpaka mate yenyewe yakaisha. Wafanyakazi walipopanga foleni na sahani zao, aliwapakulia kwa mkono ule ule mkarimu, ila uso aliukunja kama karatasi iliyokaliwa.

"Mama leo vipi?" waliuliza.

"Niko salama. Sogea, wenzako wanangoja."

Kila Jumapili, baada ya kufua, wifi alitoa mizani yake ya kioo chini ya kitanda, wakapanda mmoja mmoja. Jumapili ya kwanza seremala alikuwa amepungua kilo mbili, Bonge hata robo. Wifi akasema mwili wa mwanamke unachelewa kuzoea. Iliyofuata seremala akapungua tena, na Bonge alipopanda, mshale ukasimama palepale kama umepigiliwa msumari. Wifi akasema labda ni maji. Jumapili iliyofuata hapo Bonge alivua kanga, akavua bangili, akatoa hata pini za nywele, akapanda amebana pumzi. Alikuwa ameongezeka.

Seremala alikohoa, kisha, kwa kuwa alikuwa mtu asiyejua wakati wa kunyamaza, akavuta kiuno cha suruali yake mbele kuonyesha nafasi iliyobaki. "Hii itabidi nimpelekee fundi aipunguze," alisema.

Bonge aliingia chumbani akafunga mlango. Angekuwa amekula kwa wizi, angeinamisha kichwa akakubali. Lakini alikuwa hajala. Kila asubuhi alisimama katikati ya chakula kama askari anayelinda benki asiyo na akaunti ndani yake, na malipo yake yakawa haya. Alilia kidogo, akaacha, kwa sababu kulia nako kulimtia njaa.

Kesho yake ndipo yalipotokea ya maharage. Sufuria ilikuwa inachemka, chakula cha mchana cha kiwanda kizima. Bonge alitia chumvi, na papo hapo akaitwa nje kupokea mitungi ya gesi. Aliporudi kichwa kilikuwa chepesi, kama kimejazwa sponji ya magodoro, na hakukumbuka: ametia au hajatia? Zamani swali kama hilo lisingekuwapo. Angechota kijiko, angeonja, angejua. Alitazama kijiko. Alitazama saa ya ukutani; bado kidogo ifike sita. Mwosha vyombo alikuwa ametumwa sokoni, hakuna wa kumwonjea. Akajiambia hajatia, akatia.

Sahani zilianza kurudi kabla ya mstari kufika nusu. Hazikurudi kwa kelele, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Watu waliomheshimu walizisukuma dirishani taratibu, wakainamisha macho, wakaenda kunywa maji. Mnyapara alikuja mwenyewe jikoni, mzee mwenye ndevu nyeupe aliyekula kwa mkono wa Bonge tangu kiwanda kilipofunguliwa.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi kuna nini? Miaka yote hii sijawahi kuona sufuria yako ikirudi."

Bonge alifunika sufuria. Angeanzia wapi? Kwamba chakula kimeharibika kwa sababu mpishi anaogopa kijiko? Aliomba radhi, akawakatia mkate uliobaki, na sufuria ile nzima akaimwaga kwa mikono yake, asikubali kusaidiwa.

Jioni alimsimulia mumewe. Seremala alikuwa anapiga randa ubao, maranda yanamdondokea miguuni. Alisikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma, na hapo angeishia angekuwa mume mwema. Akaongeza, "Lakini mke wangu, tuseme ukweli. Jikoni kutwa nzima, huonji onji kidogo? Maana hizo kilo hazitoki hewani."

Bonge alimtazama mpaka randa ikasimama.

"Nimemwaga chakula cha watu mia leo," alisema polepole, "kwa sababu sikuonja. Na wewe unaniuliza kama naonja."

Juma zima alipika, alipakua, alijibu salamu, lakini maneno yake yalikuwa ya kupimwa kwa kijiko cha chai. Wifi alijaribu kuleta somo jingine kutoka kwenye simu. Bonge alimuuliza habari za chumba anachotafuta, na somo likaishia hapo.

Siku yake ya mapumziko alikwenda zahanati kutafuta dawa ya kuchua, maana magoti hayakujua habari za ugomvi. Muuguzi, mama wa makamo aliyekuwa mnene kumzidi, alimuuliza hali kama kawaida tu, na yote yakamtoka Bonge: funga, mizani, maharage, mume.

"Subiri," alisema muuguzi. "Kabla ya hiyo funga, asubuhi ulikuwa unakula nini?"

"Nakula saa ngapi? Napikia watu. Naonja mboga, naonja chai, basi. Nakula mchana wakishamaliza wao."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoanza kazi."

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Mama, wewe ulikuwa unafunga miaka yote. Hukuambiwa tu kwamba ina jina. Na usiku?"

"Wifi alisema nishibe, inifikishe kesho. Napakua mara mbili."

"Zamani ulipakua mara ngapi?"

"Moja," alisema Bonge, na alipolisema akasikia uso unawaka.

"Na mzee, yeye ameacha nini?"

Bonge alifikiri. Soda mbili za kabla ya kulala, na chai yake ya asubuhi yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Saa zile zilimfungia milango hiyo, na mwili wake ukashukuru. "Yeye ameacha soda," alisema. "Mimi nimeacha ulimi wangu."

Muuguzi alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki, akaacha. Alimwambia funga huwafaa wengine na wengine haiwafai, na kwake ibadilike: ale asubuhi, ameketi, sahani yake mwenyewe, usiku apunguze, aonje kazi yake bila woga. Kilo zitatoka polepole, na huenda zisitoke nyingi. Hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na Bonge alilipenda hilo, japo hakupenda alichoambiwa. Alirudi nyumbani na hasira mpya: majuma yote yale ya kumeza mate, bure.

Alimweleza mumewe mlangoni, hata viatu hajavua. Seremala aliegemea fremu ya mlango, akakuna shingo.

"Kwa hiyo nilikusingizia," alisema.

"Ulinisingizia."

"Nisamehe, mke wangu. Nilidhani likinifaa mimi ni lazima likufae na wewe."

Tangu siku hiyo wafanyakazi walipokuja kunywa chai walimkuta Bonge ameketi kwenye benchi la pembeni na sahani yake, yai na kipande cha mkate, anakula bila haraka huku foleni ikimsubiri. Mnyapara alinyoosha shingo kutazama, akaona ni sawa, akasubiri na wenzake. Mizani ilipoteremka, iliteremka kwa shingo upande, kilo kwa mwezi, na mwezi mwingine haikuteremka kabisa.

Nyumbani usiku Bonge alikula sahani moja na kubaki akikitamani kilichosalia sufuriani. Hapo ndipo hasira ilipomrudia kila mara.

"Bado umenikasirikia?" seremala aliuliza usiku mmoja.

"Bado."

"Mpaka lini?"

"Ikiisha nitakuambia. Toa vyombo."

Seremala alikusanya sahani akaenda kuziosha. Alisugua ovyo, akarusha povu mpaka ukutani, na Bonge, aliyekuwa na uwezo wa kumwonyesha namna, alinyoosha miguu yake kwenye kiti cha pili akamwacha aendelee.