Kadi Kumi na Mbili

Karakana ya meno bandia ilikuwa na mafundi wawili. Dada aliyechonga meno kwa nta aliitwa Nta. Kaka aliyemimina plasta kwenye chapa za fizi aliitwa Plasta. Bosi alitangaza kwamba atakayefaulu mtihani wa Kijapani wa daraja la tatu kwa alama za juu ataenda Japani kusomea ufundi mwaka mzima. Nafasi ni moja, na Nta aliitaka kufa na kupona.

Walisoma pamoja mchana, plasta ikikauka. Kila mmoja alikuwa na kadi zake: neno la Kijapani mbele, maana nyuma. Kila Ijumaa walibadilishana, kila mtu akienda kukariri za mwenzake.

Lakini wiki moja Plasta alianza vijimambo. Anaingia kwa Bosi, mlango unafungwa; anatoka, macho chini.

“Mna nini huko?” Nta aliuliza.

“Mambo ya kazi tu, dada.”

Kazi gani ya kunong'onezana? Kikulacho ki nguoni mwako, Nta alijiambia. Kumbe huyu mpole anamzunguka! Ijumaa hiyo alikaa na kalamu. Kwenye kadi kumi na mbili kati ya zake aligeuza maana: “kukataa” ikawa “kukubali”, “kuchelewa” ikawa “kuwahi”. Akamkabidhi huku anatabasamu. Dawa ya moto ni moto.

Jumatatu Plasta alizirudisha. Kumi na mbili zilikuwa mpya, zimeandikwa upya kwa mwandiko safi.

“Dada, umechoka,” alisema kwa upole. “Umekosea hata maneno uliyonifundisha mwenyewe. Wiki nzima namwomba Bosi akuachie mchana usome. Alikuwa anakataa, leo amekubali. Taya zako za nta nitachonga mimi.”

“Na wewe utasoma saa ngapi?”

“Mwakani mtihani upo.” Alikwisha kuichukua taya ya juu kutoka meza ya Nta, anatafuta kisu cha nta.

Nta aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Angeweza kunyamaza, kuvua aproni na kwenda zake kusoma.

“Kaka, sikuchoka,” alisema. “Nilikusudia.”

Plasta alizitazama zile kadi, kisha akamtazama yeye. Akairudisha taya mezani kwa Nta, taratibu isivunjike, akaenda kukoroga plasta yake.