Orodha ya Waliorejea

Saa kumi kamili alasiri, Jumanne ya pili ya Oktoba 1991, Paskalia alikinga debe tupu chini ya kamba ya nguo, nyumbani kwake Newala. Vitalis, mwanawe wa pekee, aliingia uani na magwanda yake ya jeshi, ametota. Alikuwa amekufa maji miaka mitatu nyuma, kikosi chao kilipovushwa Ruvuma kutoka Msumbiji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Bado?"

"Bado, mwanangu."

Alivua shati, mama akalikamua. Lilitoa debe moja, kama kila siku. Kiangazi kile bomba la mtaa lilikuwa limekauka na watu waliteremka bondeni kufuata maji. Jirani yao Isabela alikuja na kopo lake, akatania kwamba wenzake wamezaa watoto, Mama Vitalis kazaa kisima. Vitalis alicheka. Kisha akashika njia ya mtoni, kwa kuwa hakuwa na kaburi la kurudi.

Alichokuwa akiuliza ni tanga, kilio cha kumaliza msiba wake. Mjomba wake Adolf, mwenye kauli katika ukoo, alikuwa tayari watu wanyolewe na nguo zake zizikwe badala ya mwili, ila alitaka kwanza barua ya serikali ya kuthibitisha kifo. Alisema hawawezi kumlilia mtu ambaye serikali inasema yupo.

Serikali ilisema yupo kwa sababu majina ya waliorejea yalitiwa alama ng'ambo, kila askari alipopanda boti. Boti ilipopinduka, alama ilikuwa imeshakauka.

Orodha hiyo ilitunzwa na karani aitwaye Sia, mwenyeji wa Moshi, katika ghala la korosho lililobaki tupu tangu wanunuzi binafsi waanze kufuata mzigo shambani. Paskalia alikuwa amefika pale mara kumi. Jumatano alikwenda mara ya kumi na moja, akakuta redio inasema mezani. Rais alikuwa akitaja vipaumbele vyake: soko huria, wananchi kuchangia huduma, na ujirani mwema na Msumbiji, na kutoka huko, alisema, vijana wetu wote walirejea salama.

Sia alipunguza sauti. "Mama, umesikia mwenyewe. Mimi niandike nini tena?"

"Andika alikufa."

"Mbona watu wanasema anakuja kwako kila siku?"

"Anakuja. Ndiyo maana nataka azikwe."

Sia alifikiri, akasema lililo sahihi ni kwenda kuhakikisha.

Alhamisi alifika kabla ya saa kumi, akamwamkia Paskalia, akapewa kigoda. Vitalis alipoingia, Sia alimwuliza jina, namba ya jeshi na kikosi, naye akajibu bila kukosea. Alimpa kalamu. Wino ulisambaa kidogo kwa maji, lakini saini ilisomeka. Sia aliandika kwamba askari huyo amerejea na ameonekana kwa macho, akagonga muhuri, akamkabidhi mama nakala kwa mikono miwili.

Paskalia aliikunja. Aliichomeka kwenye makuti ya paa, pale alipoweka wembe mpya alionunua kwa ajili ya kunyolewa siku ya tanga.

"Bado?" Vitalis aliuliza.

"Vua shati, mwanangu."

Saa kumi na dakika ishirini debe lilikuwa limejaa.