Herufi Moja ya Lango la Saba

Pi-yun hakuwahi kuweza kutulia. Mumewe aliacha kumpeleka sinema tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, maana picha haikufika katikati kabla mkewe hajainuka mara nne. Kazi ya kusoma maji, basi, ilimkaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Kwa miaka ishirini na sita, asubuhi na alasiri, alipanda skuta akazunguka mifereji yote ya bonde, toka lango la kwanza mpaka la kumi na mbili. Alitazama maji yamefika wapi kwenye ubao wenye namba, akazungusha gurudumu la chuma kufungua au kufunga, akapiga soga kidogo na wakulima wa vitunguu majani, kisha huyo akaenda zake.

Chama cha umwagiliaji kikaleta mitambo. Kila lango likafungiwa boya la kupima maji na mota, na yote yakaunganishwa na kompyuta moja iliyowekwa kwenye kibanda cha lango kuu, juu mlimani. Pi-yun, akiwa na miaka hamsini na mmoja, akapewa meza, kiti na skrini katika ofisi ya chama, ya kuiongoza kompyuta hiyo kwa mbali.

Aliyeifunga mitambo hiyo alikuwa injinia mmoja kijana, Wen, mwembamba, mwenye ulimi usiopumzika. Jumamosi angehamia mji wa Hsinchu kwenye kiwanda cha chipu za kompyuta, na hapakuwa na mwingine anayeijua ile kompyuta. Pi-yun alipewa siku tano za kujifunza.

"Kipanya kiko wapi?" aliuliza siku ya kwanza.

"Hakuna, dada. Vidole tu."

Skrini ilikuwa nyeusi, ina mistari kumi na miwili ya maandishi, mmoja kwa kila lango. Mwishoni mwa kila mstari palikuwa na herufi moja. A maana yake lango lifuate boya lake. F maana yake lifungwe, boya liseme lisemalo. Pi-yun aliweka vidole akaanza kuandika, na badala ya maneno kutokea, mstari mzima wa lango la tatu ukapotea.

"Wee! Umekwenda wapi?"

"Umeufuta. Umebonyeza d mara mbili." Wen alicheka mpaka akashika meza. "Hapa dada herufi ni amri. Ukitaka kuandika, kwanza bonyeza i. Ukimaliza kuandika, bonyeza Esc, unarudi kwenye amri. Usipojua uko upande gani, bonyeza Esc, upumue, ndipo uanze."

"Na mstari wangu?"

"Bonyeza u."

Mstari ukarudi. Pi-yun aliinuka, akaenda mpaka dirishani, akarudi, akaketi, akainuka tena.

"Dada, unanizungusha kichwa."

"Kichwa chako, mimi nifanyeje? Nyie watu mnaketije hivi siku nzima?"

Siku ya pili alijifunza j kushuka na k kupanda. Siku ya tatu, mkwaju, ule mstari wa kulala: unabonyeza mkwaju, unaandika unachotafuta, na ile alama inayopepesa inarukia hapo. Alama ya dola inaipeleka mwisho wa mstari. Kubadilisha herufi moja unabonyeza r, kisha herufi unayoitaka. Kuhifadhi na kutoka ni nukta pacha, w, q. Kutoka bila kuhifadhi uharibifu wako ni nukta pacha, q na alama ya mshangao. Goti lake lilitikisika chini ya meza muda wote, na vidole vilitangulia akili. Alikuwa akibonyeza kitu kabla hajaamua kukibonyeza. Siku ya nne aliandika vitufe vyote kwenye kipande cha boksi la chakula, na Wen akakinyakua akakitupa.

"Karatasi italowa. Vidole ndivyo vijue."

"Nikuambie kitu, Wen? Ungekuwa mwanangu ungelala njaa leo."

Jumamosi akaondoka.

Jumatano iliyofuata, saa nane mchana, mawingu yaliporomoka milimani kama gunia lililopasuka. Dakika ishirini tu, na njia kuu ya mawasiliano kati ya ofisi na kibanda ikakatika. Ikabaki ile ya dharura, ya redio, inayopitisha herufi tu, tena taratibu. Hapo hapo simu ikalia. Alikuwa Mzee Yu, mkulima wa miaka sabini, mwenye vitanda vinne vya vitunguu majani chini ya lango la saba.

"Pi-yun! Maji yanaingia shambani! Lango liko wazi lote!"

Alitazama skrini. Boya la lango la saba lilisema mfereji umekauka. Bila shaka tawi lilikuwa limelibana chini, na mtambo, kwa kuamini mfereji hauna maji, ulikuwa ukifungua lango zaidi.

"Nakuja!" alisema, na funguo za skuta zilikuwa tayari mkononi.

Alifika mlangoni. Toka pale aliiona barabara ya bondeni ikiwa imefunikwa na maji ya rangi ya matope, na gogo likielea juu yake. Kuzungukia upande wa daraja ni dakika arobaini. Alisimama kizingitini, mvua ikimpiga kifuani, mwili wote ukitaka kwenda. Kisha akarudi akaketi.

Alimpigia Wen. Simu imezimwa; pale kiwandani wafanyakazi huacha simu mlangoni.

Akafungua faili. Mistari ilitokea mmoja mmoja. Akabonyeza j. Alama haikusogea. Akabonyeza tena, na tena, kama mtu anayegonga mlango usiofunguliwa. Sekunde nne zikapita, na amri zote zikafika kwa mkupuo. Alama ikaporomoka, na vidole vyake vilikuwa vimekwisha kubonyeza r na F. Herufi ilibadilika, lakini mahali pasipo pake: katikati ya jina la lango la kumi na moja. Akabonyeza u, akadhani haikuingia, akabonyeza tena. Sasa hakujua kipi kimerudi na kipi bado.

Simu ikalia. "Uko wapi? Kitanda cha kwanza kimekwisha!"

"Nipo ofisini, mzee."

"Ofisini? Ofisini unafanya nini?"

Akaiweka simu mezani kifudifudi. Akabonyeza Esc, akakunja mikono kwapani ili isibonyeze kingine, akahesabu mpaka kumi. Kisha nukta pacha, q, alama ya mshangao. Akasubiri. Uharibifu wote ukatupwa. Akaanza upya.

Mkwaju. Akasubiri mpaka auone. Saba. Akausubiri. Akabonyeza Enter, mikono ikarudi kwapani. Alama ikatua kwenye mstari wa lango la saba. Dola: alama ikaenda mwisho, juu ya A. r. F. Muda huo ulikuwa mrefu kuliko mchana wowote alioujua. Miguu ilikanyaga sakafu yenyewe. A ikawa F. Akausoma mstari wote mara mbili, kidole juu ya kioo. Nukta pacha, w, q.

Baada ya dakika moja mtambo ukajibu kwa neno moja: limefungwa.

Asubuhi barabara ilipofunguka, alikuta Mzee Yu amechuchumaa kwenye tope, anang'oa vitunguu vilivyolala. Vitanda viwili vilikuwa vimekwenda. Viwili vimesimama. Shavu la mzee lilijaa popoo ya kutafuna, na hakumtazama.

"Miaka yote hiyo ulikuwa unakuja mbio," alisema. "Jana umekaa."

"Barabara ilikatika, mzee. Nililifunga kutoka kule kwenye kompyuta."

"Ilikuchukua muda gani?"

"Dakika kumi na moja."

Mzee akatema mate mekundu pembeni. Pi-yun angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Lakini usingizi haukumjia usiku kucha kwa sababu ya jambo hilohilo, na alikuwa ameshapita lango lile na kurudi mara tatu kabla ya kushuka shambani.

"Nne kati ya hizo nilikosea," alisema. "Nilibonyeza kwa haraka nikaharibu, ikabidi nianze upya."

Mzee aliacha kung'oa. Akakitazama kitanda cha pili, kile kilichozama mwisho, akatazama maji yalipoishia. Pi-yun hakujua aiweke wapi mikono yake.

"Mwenye vitunguu ni mke wangu," alisema mwishowe. "Hayo utamwambia mwenyewe. Mimi simo. Haya, shika huko mwisho. Vya huko bado vinauzika."

Pi-yun akakunja suruali akaingia matopeni.