Sinia la Barua

"Tulikuandikia mara tatu, madame," karani wa komini, ofisi ya serikali ya mtaa, alimwambia kutoka dirishani. "Barua zote zilipokelewa. Sahihi hii hapa."

Mbombo aliitazama. Ilikuwa ya Chande, msimamizi wa kasri. Na kibali cha Mbombo cha kuishi Ubelgiji kilikuwa kimekwisha wiki sita zilizopita.

Kasri, jamani! Ghorofa ya nne nyuma ya uwanja wa Flagey, lifti mbovu. Ukoo wa mumewe ulitawala himaya miaka mia mbili. Leo mumewe, Sultani, hana nchi, ila desturi zote alihama nazo. Mbombo, binti wa chifu, alitolewa kwao Likasi kwa ngoma na vigelegele kuja kuwa Bi Mdogo humo. Ijumaa huvishwa dhahabu mbele ya wageni. Siku nyingine yuko jikoni.

Alimkuta Chande sebuleni akipangusa ukingo wa sinia la shaba. Juu yake barua tatu, hazijafunguliwa.

"Papa Chande, njo wewe ulisinya kuzipokea?"

"Barua za wake wa kasri hufunguliwa na Sultani, Bi Mdogo. Unajua."

"Mais Sultani iko ku opitali ya Jette toka Noeli, hatambui hata muntu!"

"Ndiyo maana hazijafunguliwa."

Nyuma ya pazia Bi Mkubwa, mke wa kwanza, alikohoa. Hasemi na mke mdogo. Maneno yake hupitia kwa Chande. Mbombo hakuwa mjinga. Akifukuzwa yeye nchini, nani atabaki na Salha, mwanawe, mtoto pekee wa Sultani? Mwezi uliopita alifungua mwenyewe barua moja tu, ya kampuni ya simu, na siku ileile Salha akahamishiwa chumbani kwa Bi Mkubwa.

"Bon, umuambie anipe mutoto wangu, tuende."

Chande alikwenda, akarudi. "Anasema mtoto ni wa kasri. Wewe uko huru."

Huru!

Kengele ililia. Alikuwa polisi wa mtaa, na bahasha. "Madame Mbombo? Ni agizo la kuondoka nchini. Siku thelathini."

Mbombo alinyoosha mkono. Nyuma ya pazia Salha aliita, "Maman!" kisha ufunguo ukazungushwa mlangoni. Mkono ukabaki hewani.

Chande alikuwa ameshainama na sinia lake, vile anavyowainamia mabalozi. Polisi alimtazama mzee yule wa kanzu nyeupe, akaona ni heshima ya watu hawa. Akavua kofia, akaiweka bahasha taratibu juu ya zile tatu.