Pini Isiyo na Ufunguo

Ulitazama pembeni. Usinikunjie uso, nilikuona. Damu ya Hajara ilipodondokea robota la makoti ya watoto, uligeuka ukajifanya unapanga magunia, na tangu siku ile hujageuka tena. Miaka mitano shingo imepinda. Haiumi?

Basi nitakusimulia unachokijua. Wapo wasiokijua, na wewe mwenyewe umeshaanza kukisahau kwa makusudi.

Mwaka 1984 tulikuwa tukichambua nguo kuukuu katika ghala moja huko Tumba, katika nchi ya Waswidi, karibu na stesheni. Waswidi walitupa nguo zao kwenye magunia. Sisi tulikata kamba, tukachagua, tukafunga marobota, na marobota yakapelekwa bandarini kwenda kuvalishwa mama zetu. Tulikuwa tunajitumia mitumba wenyewe, na tukiona sweta zuri tulisema, “Hili litamfikia shangazi yangu, lifungeni vizuri.” Tulicheka sana miezi ile ya kwanza. Usisahau kwamba tulicheka.

Kazi ile ilitaka kisu cha mkono mmoja. Kushoto umeshika mdomo wa gunia, kulia unakata. Kisu cha kawaida cha kukunja hufunguliwa kwa mikono miwili, na mkono wa tatu hatukupewa. Ndiyo maana sote tukanunua visu vya kipepeo. Unavikumbuka: mipini miwili imelifunika bapa kama mbawa zilizokunjwa, ukikitikisa kisu mbawa zinaachana, zinazunguka, zinakutana upande wa pili, na makali yako nje kabla hujamaliza kupumua. Msimamizi alisema kila mtu ajinunulie chake. Tukaenda Södermalm, kwenye duka la vyuma lenye kengele mlangoni.

Muuzaji alikuwa mtu wa sharubu nyeupe na koti la kazi lililopigwa pasi. Akafungua sanduku kwa heshima, utadhani mna pete ya arusi. Ndani, kando ya kisu, mlikuwa na kifuko: skrubu za akiba, visahani viwili vyembamba vya shaba, komeo la akiba la kufungia mipini, na kifunguo kidogo kama cha saa ya ukutani.

“Vyote hivi mtabadilisha wenyewe nyumbani,” alisema. “Na kisu kina garanti ya maisha yake yote.”

“Maisha ya kisu, siyo yetu,” Samwiri, mwenzetu wa ghalani, alininong'oneza, na nikacheka hadi kengele ya mlangoni ikanitoa nje.

Mlikuwa na karatasi mle sandukuni. Sikuisoma siku ile. Nani husoma? Niliisoma baadaye, katika maktaba ya Tensta, kwa kamusi, neno kwa neno, jinsi nilivyosoma kila kitu katika nchi hii, maana shule yangu iliishia darasa la saba. Mstari wa juu ulisema mwenye kisu anaweza kubadilisha sehemu zake. Mstari wa chini ulisema kisu kikifunguliwa, garanti imekufa. Mistari miwili, karatasi moja, bila aibu. Wanakuuzia ufunguo, kisha wanakuadhibu kwa kufungua.

Samwiri alikuwa fundi baiskeli Jinja kabla ya vita kumtoa. Hajara alikulia mtaa uleule. Walikimbia pamoja, na Samwiri ndiye aliyewabeba watoto wa Hajara mabegani kuvuka mpaka. Wale watoto hawakuwa na neno la Kiswahili walilolitamka vizuri kuliko “Mjomba”. Mengine yote walijibu kwa Kiswidi.

Na Samwiri alikuwa na desturi ambayo sote tuliikuta kwa wazazi wetu: baiskeli mpya haipandwi. Inatoka dukani, inakwenda kwa fundi, inafunguliwa yote hadi gololi, inatiwa grisi, inakazwa upya. Hapo ndipo inakuwa yako. Mhindi mwenye duka mwenyewe hukushauri hivyo. Hakuna aliyewahi kuambiwa kwamba fundi wake ameiharibu baiskeli kwa kuijali.

Kwa hiyo siku ya kwanza, saa ya chakula, akatandika gazeti mezani na kutoa kichupa cha mafuta ya cherehani.

“Lete mtoto wako hapa,” akamwambia Hajara, akikionyesha kisu chake.

“Kaka, kipya hicho. Usije ukanirudishia vipande.”

“Kipya ndicho kinachoua. Kiwanda hakimjui Hajara. Mimi namjua.”

Akakifungua kwa kifunguo kile kile cha sandukuni. Mbawa mbili zikalala kwenye gazeti, bapa katikati, visahani vya shaba vikimeta kama magamba ya dagaa. Akafuta, akapaka mafuta, akakaza, akakitikisa: kikafunguka bila sauti. Kisha akachukua changu. Mikono yake ilikuwa na furaha, sijui kukueleza vingine.

Wengine mlikataa. Sowedi alikataa, Wangari alikataa, na wewe ulikataa. Mlivifunika visu vyenu kwa viganja kama watu wanaokinga chai na mvua.

“Mnaleta ushamba wa Jinja hadi Ulaya,” Sowedi alisema. “Hii ina garanti, ndugu yangu. Mswidi ameshakaza.”

“Bwana Garanti!” Samwiri alimwita tangu siku hiyo. “Bwana Garanti, nipitishie chumvi.”

Majira ya baridi yalikuwa yameanza siku kisu cha Hajara kilipomgeuka. Alikuwa anavuta kamba ya plastiki, ngumu kwa baridi. Nikasikia mlio mdogo, kama mtu amevunja kiberiti. Mipini ikapishana mkononi mwake, bapa likazunguka kurudi ndani, na yeye bado amekikaza kiganja. Hakupiga kelele. Alitazama tu mkono wake, kisha akamtazama Samwiri.

Kutazama kule ndiko kulikommaliza Samwiri. Si maneno, maneno yalikuja baadaye, na mengi yalikuwa yenu.

Madaktari waliokoa vidole vyote, lakini viwili havikukunjika tena. Hadi leo husalimia kwa kiganja kilichonyooka, kama anayekusimamisha barabarani.

Jumamosi nikakichukua kile kisu, nikakifunga kwa kitambaa, nikaenda Södermalm. Mwenye sharubu akakiweka chini ya taa, akachukua kioo cha kukuzia. Hakuangalia palipovunjika. Aliangalia kichwa cha skrubu, akapata mkwaruzo mwembamba kama unywele.

“Kimefunguliwa.”

“Kwa ufunguo wenu.”

“*Tyvärr*,” akasema. Ndilo neno lao la kusikitika bila kusikitika.

“Skrubu nzima. Visahani vizima. Kilichokatika ni hiki.” Nikamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Kwenye shina la bapa kuna pini nene kama njiti, ndiyo inayoizuia mipini isipitilize. Imegongwa kiwandani ikafungwa milele. Kwenye kifuko cha akiba haimo. Ufunguo wake haupo. Samwiri asingeweza kuigusa hata angetaka. “Hii hakuna aliyeifungua. Ni ninyi mlioifunga.”

“Kisu kikifunguliwa, lolote litakalotokea limetokana na kufunguliwa.”

“Kwa hiyo nikifungua mlango wako huu na dari likaniangukia, kosa langu?”

“*Tyvärr*.”

Kengele ikalia. Akaingia Sowedi. Aliponiona akageukia ukuta wa vitasa, akaanza kuvichagua, yeye ambaye alipanga chumba kisicho hata na kitasa chake. Nikatoka, lakini sikwenda mbali. Nilisimama mlangoni, nikauzuia mlango kwa mguu. Nikamwona akitoa kisu mfukoni na kukiweka juu ya meza bila kusema neno. Mwenye sharubu akakitazama, akaona skrubu zake safi, akatabasamu, akampa sanduku jipya. Kile cha zamani akakitupa kwenye droo.

Kisu kinachotua kwenye droo tupu hulia kwa mbao. Kile kililia kwa chuma.

Nilimsubiri stesheni, Jumatatu asubuhi, tukishuka Tumba.

“Bwana Garanti. Kisu chako kimepatwa na nini?”

“Changu kizima.”

“Kizima ndicho kinachobadilishwa?”

Akavuta kofia masikioni. “Dada Milly, wewe unapenda vita. Mimi nina watoto.”

“Na Hajara ana nini? Vifaranga?”

“Nimepewa kipya, yamekwisha. Nikisema pini, msimamizi atasema tumezoea kulalamika. Muulize Wangari. Naye kapewa kipya, na hakusema kitu.” Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonichoma kuliko yote. “Hata yule rafiki yako kapewa.”

Yule rafiki yangu ni wewe.

Msimamizi alimwondoa Samwiri kwa sababu anafungua vitu. Hilo lilinikasirisha, lakini sikulishangaa. Kazi za kutolewa kwa neno moja nilizizoea. Nilichokishangaa ni mkutano wetu, sisi kwa sisi, kwenye ukumbi wa Tensta, chai imemiminwa na maandazi aliyopika mwenzetu Gaudiosa bado moto. Nilisimama na kisu changu. Pini yake ilikuwa imeshaanza kupasuka, nikakizungusha mezani mpaka kila mtu akauona ufa. Nikasema: si mkono wa Samwiri, ni pini, na wapo humu wanaojua.

Akajibu Wangari, kwa sauti ya upole kabisa, macho kwenye kikombe:

“Lakini na chako si alikifungua yeye?”

Ndiyo. Na changu alikifungua yeye. Ushahidi wangu wote ulikuwa na alama za vidole vyake. Waliokuwa na ushahidi safi ni nyinyi mliokataa, mliomcheka, ambao visu vyenu havikuguswa na mtu kati ya kiwanda na pini kukatika. Nyinyi tu ndio mngeweza kumtoa lawamani. Nyinyi mlikuwa mmeshavisukuma juu ya meza ya duka, mkachukua masanduku mapya, na kwenye mifuko yenu mlikuwa na visu vyenye pini ileile, mkila maandazi.

Nilikutazama. Ulikuwa unatoa zabibu kwenye andazi, mojamoja, unaziweka pembeni ya sahani.

Nikaenda Hagsätra, nyumbani kwa Samwiri, kumwambia kwamba hana kosa. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti kizuri. Bisibisi zake, koleo, kichupa cha mafuta, vyote alikuwa amevitia kwenye kopo la biskuti na kulifunga kamba mara nyingi, kama mtu anayefunga mbwa. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama.

“Milly,” akasema, “ukinionyesha visu mia nilivyovifungua mimi, unanionyesha makosa yangu mia. Nionyeshe kimoja ambacho sikukigusa.”

“Vipo.”

“Viko wapi?”

Nilijua viko wapi. Viko kwenye droo ya Södermalm na kwenye kinywa chako.

Wakati huo alikuwa bado anapiga simu kwa Hajara kila Jumapili. Siku ile alipiga nikiwepo. Alipokea mtoto. “Mama hayupo,” akasema kwa Kiswidi, na nyuma yake tukamsikia Hajara akikohoa. Hakuita “Mjomba”. Samwiri akashukuru, kwa Kiswidi naye, akaiweka simu taratibu kama kitu kinachoweza kuvunjika. Hajapiga tena.

Sasa ni 1989. Mwaka jana wakatunga sheria ya visu. Usitembee nacho mjini bila sababu, polisi watakuuliza. Vizuri. Sheria ile inauliza nani amekibeba. Haiulizi nani alikipigilia pini ya bati akakiita cha maisha. Nimeshaandika kuhusu hilo, nimebandika karatasi kwenye kuta za vituo, nimefukuzwa, nimebandika tena. Mtu mmoja wa ofisi aliniambia, kwa adabu, kwamba kisu kimoja kilichofunguliwa si jambo. Angehitaji visivyofunguliwa. Hata yeye!

Lakini sikukuandikia kwa ajili ya ofisi. Mwezi uliopita nilimkuta Hajara sokoni, ananunua ndizi za kupika, mfuko umetundikwa kwenye kiwiko. Nikaona nimuulize, basi, tumeshazeeka na jambo hili.

“Hajara, kweli unaamini ni yeye?”

Alichagua ndizi moja, akairudisha.

“Wewe ulisema mengi, Milly, na wewe ni rafiki yake. Mimi niliwasikiliza walionyamaza. Kama visu vyao vilivunjika, wangesema. Binadamu gani asingesema?”

Akakinyoosha kile kiganja, kuniaga.

Umesikia? Ulidhani hukusema kitu. Kumbe umekuwa ukitoa ushahidi kila siku, miaka mitano, na yeye anausikiliza, na anauamini kuliko wangu, kwa sababu anakuona binadamu.

Basi simama. Chai itapoa, iache ipoe. Mpitie Hajara, mwambie avae koti, asikuulize mnaenda wapi. Pandeni treni ya njia ya kijani mpaka mwisho, Hagsätra, mshuke. Usinunue maua, na usianze na hali ya hewa. Samwiri akifungua mlango mwambie, mbele ya Hajara, kwa sauti: “Changu pia kilikatika. Wewe hukukigusa.”

Kisha vua saa yako mkononi, umpe aifungue. Na akishaanza, tazama.