Kibandiko cha Kumi na Saba

Upele ulimwanza fundi cherehani msimu wa joto, ukiwa upele mdogo wa jasho tu, lakini mwaka ulipokwisha ulikuwa umemjaa kwapani na kiunoni, ukimwasha hadi machozi. Aliacha mayai. Akabadili sabuni mara tatu. Akamwomba radhi wifi yake, labda ana kinyongo. Wifi akapokea radhi, akasema bado anamdai nyingine mbili.

Kilichomtisha ni neno la muuguzi wa zahanati: huenda ni vitambaa, na kama ni vitambaa, bora cherehani akiuze. Fundi hakuwa na kazi nyingine duniani, wala hakuitaka.

Daktari wa ngozi, mama wa maneno machache, alimbandika mgongoni vibandiko thelathini vidogo, kila kimoja na tone lake: rangi hii, gundi ile, dawa ya kulainisha nguo. Asilowanishe mgongo kwa siku mbili, wala asijikune. Wifi alimlinda kama askari jela.

Siku ya tatu asubuhi vibandiko vilibanduliwa, na daktari akainama kuutazama mgongo kwa karibu. Fundi akajua yamemfika.

"Ni vyote?"

"Kimoja tu, mama."

Akamwekea kioo mbele na kingine nyuma. Fundi akaona ngozi pana, tulivu, na juu yake alama moja nyekundu iliyoumuka, pale palipokuwa na kibandiko cha kumi na saba. Akapigwa na butwaa. Ngozi yake, ambayo haikusoma hata darasa moja, ilikuwa imepewa matone thelathini gizani, ikayapitisha ishirini na tisa na kumkamata mkosaji bila kumsingizia mtu. Aliihofu kidogo, na akaiheshimu sana.

Daktari akaeleza kwamba ni rangi ya bluu iliyokoza, ya vitambaa vya nailoni. Jasho huitoa kwenye nguo ikaingia mwilini. Akaomba kuliona gauni alilokuja nalo. Akaligeuza upande wa ndani. Bitana ya bluu.

Fundi akajishika mdomo. Upele ulipoanza, alikaa wiki nzima akitia bitana magauni yake yote, mshono kwa mshono, ili kitambaa cha nje kisimkwaruze. Bitana yenyewe ilikuwa mabaki ya sare za shule. Kila upele ulipozidi, alikuwa akiongeza bitana.

"Na cherehani?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Shona, mama. Bluu hiyo tu ndiyo usiivae."

Wifi, aliyekuwa amemsindikiza, bila utani safari hii, akavua koti lake akasimama nalo tayari kumvika. Fundi akamwambia angoje, na akaomba vioo visiondolewe kwanza. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amepima migongo ya watu, mipana na myembamba, iliyonyooka na iliyopinda, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuuona wake.